Omba Shuka Lisilonukia

Nakiru, mtoto wa dada yangu, na mtoto wangu pia, maana ugali niliokulisha ungepangwa vizuri ungetosha kujenga kanisa,

Ejok, salamu ya kwetu. Mjomba wako ni mzima, anti yako Akai ni mzima, na Lodwar yenyewe iko palepale ulipoiacha asubuhi, isipokuwa jua limeongeza bidii. Nilitoka kwenda dukani na yai kwenye mfuko wa shati, nikarudi nalo limeiva. Usicheke. Muulize anti yako, yeye ndiye aliyelimenya.

Umeenda kuaga watu wa sokoni na najua hutarudi haraka, kwa sababu wewe ukimuaga mtu mmoja unaulizia na ukoo wake wote. Ndipo nimepata nafasi ya kukaa hapa kivulini nikuandikie. Barua hii nitaificha kwenye begi lako, uikute ukishafika Kakuma. Utashangaa kwa nini mtu mwenye mdomo kama wangu ameshika kalamu. Nikikueleza kwa mdomo nitaongeza ngamia wawili ambao hawakuwepo. Kalamu inanichosha vidole, kwa hiyo uongo unapungua wenyewe. Shule unajua niliishia darasa la sita, na hilo la sita nililirudia kwa sababu mwalimu alinipenda sana, hakutaka niondoke.

Sitakuambia habari za pampu yako ya kifua, uiweke wapi na uivute lini. Hayo anti yako ameyasema mpaka kuku wameelewa. Sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Wewe ni mwalimu sasa, unawaambia wengine.

Nataka kukuambia kwamba nimefurahi, na furaha hii imeniweka wima tangu asubuhi. Kesho unahamia Kakuma mara ya pili. Ile mara ya kwanza ulirudi juu ya lori la magunia, kifua kinapiga filimbi, macho yamevimba kama umepigana na nyuki, na mimi nilijiambia, basi, kazi ya huyu mtoto imekwisha kabla haijaanza. Nilijiambia hivyo na nikatoka nje nisionekane sura. Leo ninakufungia begi. Kwa hiyo niache niongee.

Ulipokuja kwangu kutoka Lorugum ulikuwa mdogo, umejifunga shuka la mama yako, na ulinukia mbuzi na moshi wa kibuyu cha maziwa. Kwangu hiyo ni harufu ya nyumbani, hata leo nikiisikia nasimama niivute. Lakini wakati ule nilikuwa nimeshakuwa mtu wa mjini, dereva wa pikapu, mtu ambaye hata polisi wa kizuizi walikuwa wananisalimia kwa jina, Lokwawi, Lokwawi, kabla ya kuniuliza leseni. Watoto wa majirani walipoziba pua wakakuimbia "raiya, raiya," mtu wa porini, iliniuma mimi kuliko wewe. Wewe uliwatupia jiwe ukaendelea na shughuli zako. Mimi nilikwenda dukani.

Pale dukani pakiti za sabuni ya unga zilikuwa zinaning'inia kama shanga za bibi harusi. Nikamwambia muuzaji, nipe ile inayonukia kushinda zote. Akanipa, akaniongezea na ile ya maji, softena, ya kumwagia nguo mwisho ili zilainike. Nikasema mtoto wangu atanukia mpaka milima ya Loima ijue kwamba kuna mtu amefua. Na maji yetu unayajua: dumu moja la kufulia, nusu ya kusuuzia. Hatukusuuza, tulizionyesha tu nguo maji zikayaona. Harufu yote ikabaki ndani ya kitambaa, na ndivyo nilivyotaka.

Kupiga chafya ulianza siku hiyohiyo. Nikacheka. Nikawaambia abiria wangu, "Huyu wangu ameona sabuni kwa mara ya kwanza, pua inashangaa." Wakacheka nao, ikawa hadithi yangu ya barabarani. Chafya zikawa macho mekundu, macho yakaleta kichwa, kichwa kikashuka kifuani, na mimi bado nilikuwa na ule mzaha wangu, siuachi, kwa sababu watu waliucheka vizuri.

Sikuandikii hili ili unisamehe. Ulishanisamehe zamani, tena kwa sauti kubwa mbele ya wageni, ukaniaibisha. Nakuandikia kwa sababu utalikuta tena. Mtu anaweza kukuumiza kwa zawadi. Wengi watakaokuumiza huko uendako watakuwa wanakuheshimu: wamekufulia, wamekutandikia, wamekumwagia kitu kizuri kuliko walivyojimwagia wenyewe. Kama angekuwa ni adui ingekuwa rahisi, ungemtupia jiwe.

Unaikumbuka ile Jumapili ya kwaya? Wewe ulikuwa umefunga macho muda mwingi, kwa hiyo hukuona nilichoona. Kwaya nzima ilikuwa imefua majoho kwa ajili ya wageni. Kanisa lilinukia kama chupa ya marashi imevunjika, hata nzi walisimama mlangoni wakafikiria. Mlipofika kwenye ubeti wa pili ukakatika, ukashika kifua, ukaenda chini. Watu wakasema ni pepo. Mchungaji akashuka, mtu mwema yule, akakuinamia na lile koti lake lililokuwa limekaa usiku mzima kwenye softena.

"Toka!" anapiga kelele. "Toka ndani ya binti huyu!"

Nawe unakohoa zaidi, yeye anainama zaidi.

"Mchungaji," anti yako anamwambia, "rudi nyuma kidogo."

"Sirudi nyuma, mama! Adui yuko hapahapa!"

"Adui ni koti lako!"

Mchungaji akaliangalia koti lake. Halafu mimi nikakuinua kwa mkono mmoja, kwa huu mwingine nikasukuma wazee wa kanisa kama sita, wote wanene, nikakutoa nje kwenye upepo. Anti yako anasema ni yeye aliyekubeba na kwamba mimi nilibeba viatu. Haidhuru. Viatu navyo vilikuwa vizito.

Nje ukavuta hewa yenye vumbi, vumbi la Lodwar lile linalowakohoza watu wengine wote, na ukatulia. Hapo ndipo mzaha wangu ulikufa. Nilikaa chini kando yako kwenye mchanga nikakuvalisha viatu, kimoja kimoja.

Yule daktari wa zahanati, kijana mdogo ambaye ndevu zilikuwa bado zinamtafuta, hakutuuliza habari za pepo. Aliuliza, "Nyumbani mnafua na nini?" Nikamwambia kwa fahari. Akaandika, akainua macho, akasema, "Basi acheni." Akatueleza kwamba kuna watu ambao kifua chao hakipatani na marashi, hasa haya yanayotengenezwa yakae kwenye nguo siku nyingi, na kwamba hili si deko wala si uchawi, na huenda likaendelea kuwa nawe ukubwani. Nikamuuliza kama kuna sindano. Akasema hakuna sindano ya kubadilisha sabuni ya watu. Akakupa pampu, akatuambia dawa kubwa ni kukaa mbali na kinachokuwasha.

Tukafanya hivyo. Anti yako akaenda kwenye laga, ule mto mkavu, na nguo zote za nyumba, akachimba kisima kwenye mchanga, akazifua kwa sabuni ya kipande isiyonukia kitu, akazisuuza mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia, akazianika juu ya miiba jua lizipige. Alizirudia tena na tena, kwa sababu ile harufu ilikuwa imehamia, ilikuwa haitaki kutoka. Halafu siku moja tukaamka na kumbe hujakohoa. Hatukukuambia. Tuliogopa ukisikia utaanza.

Kwa hiyo nyumbani tuliweza. Ulisoma hapahapa Lodwar, chuo ukakimaliza ukilala kwenye kitanda chako kila siku, na mimi nikaanza kujisifu kwamba nimekuponya. Nilisahau kwamba sikuponya kitu, nilisafisha nyumba moja tu. Dunia iliyobaki ilikuwa bado inanukia.

Ile safari ya kwanza ya Kakuma ilinifundisha. Shule ilikupa chumba pamoja na wale walimu wawili wasichana, na wakakupenda, wakakufulia mashuka ya kukukaribisha. Ulijua ulipofungua mlango. Uliniambia mwenyewe kwamba ulijua mlangoni kabisa. Ukaingia, ukasema asante, ukalala. Ukaendelea kusema asante mpaka ukapandishwa lori.

Nilikuuliza, "Uliwaambia?"

Ukasema, "Mjomba, nitaanzaje kuwaambia watu wazima waache kunukia?"

Swali hilo nililitafuna kwa muda. Nililitafuna barabarani, nililitafuna nikiziba pancha. Mwalimu mkuu wako alisema atakushikia nafasi mpaka shule zifunguliwe, zikifunguliwa hujapata pa kulala atampa mwingine, na sikumlaumu, watoto hawawezi kukaa bila mwalimu eti kwa sababu ya mashuka. Nikaona nisipofanya kitu utarudi kukaa hapa kwetu mpaka uzeeke, chumba kimoja kisafi, na elimu yako imekaa kitandani nawe. Nikawasha pikapu.

Sasa nikueleze safari hiyo, maana nilikuambia tu kwamba nilikwenda, nikazungumza kwa ufasaha, nikashinda. Sivyo ilivyokuwa.

Nilikwenda kwa Mama Achol, yule mama kutoka Sudan Kusini anayeuza unga na chai kule upande wa kambi ya wakimbizi. Nimembebea magunia tangu zamani, ananijua. Nyuma ya duka lake ana vyumba kwenye ua, na kimoja kilikuwa wazi. Nikamwambia nimekuja kukikagua. Unajua pua yangu. Pua hii iliwahi kufuata ngamia aliyepotea kutoka Lorugum mpaka kule juu Loima, giza totoro, na mvua ilikuwa imenyesha, nikamfikia akiwa bado hajamaliza kutafuna alichoondoka nacho mdomoni. Nikaingia chumbani nikanusa kuta. Nikanusa godoro. Nikapiga magoti nikanusa sakafu.

Mama Achol amesimama mlangoni, mrefu kama mlingoti, mikono kiunoni. "Mzee, iko nini? Umepoteza pesa?"

Nikasema, "Nakagua hewa."

"Hewa?"

Hapo, Nakiru, ningesema ukweli ningemaliza. Lakini niliona aibu. Mimi mzima, na ndevu hizi, niombe mtu asitie harufu nzuri kwenye nyumba yake? Nikatengeneza hadithi. Nikamwambia mpangaji anayekuja ni mwalimu mkubwa sana, amesomea mambo ya hewa ng'ambo, na huko walikomsomesha walimkataza kulala mahali penye harufu, ni siri ya kazi, tena serikali inafuatilia. Niliongea vizuri. Nilikaribia kuamini mwenyewe.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyo mkubwa wa hewa, si ni yule mtoto wa dada yako alikuwa anakohoa kwa lori?"

Kakuma nzima ilikuwa imekuona.

Nikasema, "Anafanana naye."

Alicheka akashika mlango. Halafu akaja karibu, akainama, akaninusa mimi. Mimi! Akaninusa bega, akaninusa kola.

"Wewe ndiyo inanuka," akaniambia. "Chumba yangu haina kitu. Ni wewe umeingia nayo. Shati yako imejaa hiyo maji ya kufulia."

Na ilikuwa kweli. Lile shati nilipewa na abiria mmoja, na nilikuwa nimeliacha kwenye pikapu, nalivaa safarini tu nikitaka kuonekana mtu wa maana. Sikuwa nalisikia hata kidogo. Pua iliyomfuata ngamia mpaka Loima haikuweza kufika kwenye kola yangu yenyewe. Nikalivua palepale nikalitupa nje kwenye ua, nikabaki na fulana yenye matundu, mbele ya mama wa watu.

Nadhani ni hiyo fulana iliyonisaidia. Mtu akiwa amevaa fulana yenye matundu hawezi kuendelea na habari za ng'ambo. Nikakaa kwenye gunia la unga nikasema, "Mama Achol, nakinae. Nipe kitu. Mtoto wetu akilala kwenye shuka lenye marashi kifua kinafunga. Kazi amepata, pa kulala hana. Naomba ufue bila harufu."

Akasema, "Basi hiyo tu?"

Nikasema, "Hiyo tu."

"Nyinyi Turkana mnaomba kila kitu. Mnaomba unga, mnaomba sukari, mnaomba hata viatu yangu nikiwa nimevaa. Leo umeomba nisiweke kitu. Hii ni ya kwanza." Akafikiri. "Lakini bakhur yangu?"

Bakhur ni ule ubani wake, anauweka kwenye makaa, anafukizia nguo na mashuka, na ni mzuri, siwezi kusema uongo, hata mtu mwenye haraka akipita pale anapunguza mwendo. Ametoka nao kwao. Nilimwona akiangalia kile chetezo chake kwenye kona, na nikajua kwamba nimeomba kitu kikubwa kuliko nilivyodhani. Sikuongeza hadithi hata moja, na unajua hilo linanigharimu nini.

"Kalas, yamekwisha," akasema. "Bakhur nitafukiza kwa jirani. Nguo yangu ya kanisa itakaa kwa jirani. Mashuka ya mtoto nitafua kwa sabuni kipande, maji mara tatu. Si ungesema hivyo tangu uingie? Umenusa sakafu yangu bure."

Nilirudi njia yote nikifikiria jambo hilo. Sisi ni watu wa kuomba, Nakiru. Mtu akikuona na tumbaku anasema nakinae, nipe, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Nimewahi kuombwa shati nikiwa nimelivaa, nikalitoa, nikaendesha kifua wazi mpaka Lorugum, nikafika nikaombwa suruali. Kwetu anayeombwa ana ruhusa ya kukataa, na aliyekataliwa ana ruhusa ya kuja tena kesho na uso uleule. Hakuna kesi. Sasa iweje watu kama sisi, ambao tunaweza kumwomba mgeni kofia yake, tushindwe kuomba hewa?

Nadhani ni kwa sababu tumbaku kila mtu anaijua. Haja yako wewe haionekani, kwa hiyo unaona ni lazima uitetee, uivalishe suti. Usiivalishe. Mimi ninayeweza kuongeza chumvi kwenye bahari nakuambia: jambo hili liseme bila chumvi. Liseme fupi, mapema, kabla hujaingia, kabla mtu hajatandika. "Marashi ya nguo yananifunga kifua. Naomba msinifulie nayo." Basi. Usiseme samahani mara nne mbele na mara nne nyuma. Usimweleze mtu historia ya kanisa. Atakayetaka historia atauliza, na hapo mlete kwangu.

Na kuna watakaokataa. Sitakudanganya, wala kalamu hainiruhusu. Kuna atakayesema ni maringo, msichana wa Lorugum anajifanya mzungu. Kuna atakayesema sawa sawa, halafu Jumatatu anaingia ofisini ananukia mpaka chaki inapiga chafya. Kuna watoto darasani ambao mama zao wamewafulia kwa upendo kama nilivyokufulia mimi, na hao huwezi kuwafukuza. Utafungua madirisha, utafundisha ukiwa karibu na mlango, siku nyingine utawatoa nje mkasomee kwenye kivuli na utawaambia ni somo la mazingira. Siku nyingine utashindwa utaenda kulala. Kushindwa siku moja si kurudishwa na lori. Mimi nilikuwa nadhani ukikohoa mara moja nimeshindwa kukulea, na ndiyo maana nilitaka kukuweka hapa nyumbani kama yai. Sasa unajua mayai yangu yanavyokuwa.

Kitu kingine. Usiwaonee aibu wale walimu wawili wa kwanza. Ukishapumzika, nenda ukawasalimie. Waambie ukweli wa yale mashuka. Najua unaogopa kwamba wataumia. Wataumia kidogo, kama nilivyoumia, kisha watajua, na kujua kunapumzisha. Mimi nimepumzika sana tangu nijue.

Sasa nifike kwenye lile juma lililopita, ulipokwenda kujaribu kulala kwa Mama Achol kabla hatujakubali kitu. Ulituambia utapiga simu asubuhi. Asubuhi ikaja, simu haikulia. Jua likapanda. Anti yako akafagia ua mpaka akafika kwa jirani. Mimi nilikuwa nimewasha pikapu, nimeizima, nimeiwasha tena. Nilikuwa na picha moja kichwani na siwezi kuiandika hapa.

Simu ikalia. Haikuwa yako, ni ya Mama Achol.

"Mzee, mtoto yako!"

Nikasema, "Sema."

"Mtoto yako amelala. Amelala, amelala, jua iko juu, watu wamekunywa chai, yeye bado. Nikaogopa, nikafikiri amekufa. Nikagonga mlango na mwiko. Unajua ameniambia nini?"

"Nini?"

"Ameniambia, mama, niache nilale."

Nakiru, nikaizima pikapu, na safari hii sikuiwasha tena. Anti yako akaninyang'anya simu kwa sababu alifikiri sura yangu ni ya msiba. Aliposikia akaanza kumwombea Mama Achol baraka kwa Kiturkana, na yule mama akawa anaitikia kwa lugha yake, hakuna aliyemwelewa mwenzake, na waliongea mpaka salio likaisha.

Mama yako kule Lorugum nilimpelekea habari mwenyewe. Nilimkuta na mbuzi. Nikamwambia, "Amelala mpaka jua likapanda." Akaniambia, "Uvivu huo ameutoa kwenu mjini." Halafu akageuka upande wa mbuzi akajifanya anawahesabu, na aliwahesabu kwa muda mrefu kuliko walivyo wengi. Amesema ukipata likizo upitie huko, utamkuta hajabadilisha sabuni, hajawahi kuwa nayo.

Kwa hiyo nenda. Nenda ukawafundishe watoto wa Kakuma kusoma, wawe ni wenyeji wetu wa Lopur au ni wakimbizi wa kambini, wote wana kazi ya kusoma. Kama uliniona nimesimama kando ya gari nimekunja uso, ujue lilikuwa jua. Siogopi tena. Nilikuwa naogopa kila begi lililowahi kufungwa katika nyumba hii, na hili la leo nimelifunga mimi mwenyewe nikipiga mluzi.

Nilitaka kumalizia kwa maneno makubwa, lakini nimekusikia. Uko njiani unarudi, uko pale kwa mama muuza samaki, amekwambia kitu na umeanza kucheka.

Hili sijamwambia mtu, hata anti yako. Miaka ile mibaya ulikuwa unacheka nusu. Kicheko kinaanza, kikohozi kinakuja kinachukua kilichobaki, na sisi tunasubiri pumzi yako irudi. Nikaanza kufupisha hadithi zangu. Nilikuwa nafika mahali patamu naruka, naenda kwenye mwisho mkavu, ili usicheke. Watu walisema Lokwawi anazeeka, hadithi zimemwishia. Hazikuwa zimeniisha. Nilizibana hapa kifuani, zikajaa mpaka usiku nilikuwa nageuka kitandani zinanichoma ubavu.

Sasa hivi umecheka pale kwa mama muuza samaki. Kimeanza, kimepanda, kimezunguka, kimeisha chenyewe kilipotaka kuisha. Hakuna kilichokuja kukikata.

Ngoja nifiche karatasi hii. Kuna habari ya mamba wa mto Turkwel na pikapu yangu ambayo hujawahi kuisikia, na leo ukishakaa chini nitakusimulia yote, pamoja na sehemu ya meno.

Mjomba wako,
Lokwawi